Namna ya kuandika na kufikisha petisyo ya kutetea uhuru wa mahakama: mwongozo kwa raia wa Lubumbashi

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kuipelekea mamlaka ya umma petisyo, yaani ombi la maandishi, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, na kinailazimisha mamlaka hiyo kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kwa namna yoyote ile, kwa sababu ya kufanya hivyo. Katika Lubumbashi watu wengi wanaolalamika kila siku juu ya kesi zinazoamuliwa kwa simu ya mkubwa hawajawahi kukisoma kifungu hicho. Wengine wamekisoma, lakini wamekusanya sahihi nyingi chini ya karatasi isiyoomba jambo lolote ambalo mwenye kuandikiwa ana uwezo wa kulitenda, kisha wakashangaa kuona imewekwa kabatini. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika petisyo ambayo ofisi iliyoandikiwa haitaweza kuikwepa kwa urahisi.

Uhuru unaotetewa ni upi

Someni kwanza vifungu vitatu vinavyofuatana, na kila mtu wa kundi lenu avisome mwenyewe. Kifungu cha 149 kinasema kwamba mamlaka ya mahakama ni huru mbele ya mamlaka ya kutunga sheria na mbele ya serikali, na kwamba haki hutolewa kwa jina la wananchi. Kifungu cha 150 kinasema kwamba hakimu anapofanya kazi yake yuko chini ya sheria peke yake, na kwamba hakimu wa kiti, yaani yule anayesikiliza kesi na kutoa hukumu, hahamishwi ovyo: huhamishwa kwa uteuzi mpya, kwa maombi yake mwenyewe, au kwa mzunguko wenye sababu zilizoelezwa, ambao umeamuliwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Kifungu cha 151 kinaikataza serikali kumpa hakimu amri katika kesi, kuamua ugomvi mahali pake, kuzuia mwendo wa haki na kupinga utekelezaji wa hukumu. Kinalikataza Bunge vilevile kugeuza hukumu au kuzuia isitekelezwe.

Jambo moja husahaulika, nalo limeziharibu petisyo nyingi. Tangu marekebisho ya Katiba ya tarehe 20 Januari 2011, parke, yaani ofisi ya waendesha mashitaka, haitajwi tena katika kifungu cha 149 pamoja na mahakama. Sheria ya mwezi Aprili 2013 juu ya mpangilio wa mahakama inawaweka waendesha mashitaka chini ya mamlaka ya Waziri wa Sheria, ambaye anaweza kuiagiza parke kufungua mashitaka kwa kumpitia mwendesha mashitaka mkuu, bila kuingilia jinsi kesi inavyoendeshwa. Kwa hiyo, mkiandika kwamba Waziri amevunja Katiba kwa sababu tu ameiandikia parke, mwanasheria wa wizara atawajibu kwa mistari miwili na petisyo yenu itakwishia hapo. Lakini mkionyesha kwamba Waziri alimwambia hakimu wa kiti jinsi ya kuamua, au kwamba aliamuru mtu afungwe au aachiliwe kinyume na uamuzi wa mahakama, mtakuwa mmesimama juu ya kifungu cha 151, na hapo hakuna mlango wa kutokea.

Hatua ya kwanza: taja jeraha kwa usahihi

Neno la jumla kama «mahakama imeuzwa» linaweza kuwa kweli machoni pa kila mtu, lakini halimlazimishi yeyote kutenda. Keti na wenzako mjiulize ni nini hasa kilichotokea, tarehe gani, kwa hati ipi, na kifungu gani kimevunjwa. Uhuru wa mahakama huumizwa kwa njia zinazotofautiana, na kila njia ina dawa yake. Kuna hakimu anayehamishwa katikati ya kesi, kuna anayetishwa au kupigiwa simu, kuna hukumu ambayo polisi wanakataa kuitekeleza, kuna uteuzi unaofanywa bila pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, na kuna bajeti ya mahakama ambayo inapigiwa kura kisha haitolewi. Jambo hili la mwisho halivutii watu barabarani, lakini kwa maoni yangu ndilo linalodhuru zaidi, kwa sababu mahakama isiyo na karatasi wala mafuta ya gari huanza kumtegemea mwenye kesi tajiri au kiongozi wa mahali.

Mji wetu unajua mambo haya kwa karibu. Mwaka 2016 rais wa tribunali ya amani ya Lubumbashi-Kamalondo aliandika barua iliyotangazwa kotekote, akieleza kwamba alishurutishwa kutia sahihi hukumu dhidi ya mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi katika kesi ya nyumba, kisha akaikimbia nchi. Mwezi Julai 2017 hakimu mwingine wa Lubumbashi aliyekuwa akishughulikia kesi hiyohiyo alipigwa risasi nyumbani kwake na watu wenye silaha, akaponea chupuchupu. Mwezi Juni 2020 miswada mitatu ya Aubin Minaku na Gary Sakata, wabunge wa kambi ya Rais wa zamani Joseph Kabila, iliyotaka kuongeza nguvu za Waziri wa Sheria juu ya waendesha mashitaka, iliwatoa watu barabarani Kinshasa na hapa kwetu. Mwezi uliofuata, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi ordonansi, yaani amri za Rais, zilizowapeleka mahakimu wawili wa Mahakama ya Katiba kwenye Mahakama ya Kasasyo. Wawili hao walikataa, na tarehe 21 Oktoba 2020 waliowekwa mahali pao pamoja na hakimu wa tatu waliapishwa katika Palais du Peuple, jengo la Bunge. Nayataja mambo ya kambi zote mbili, ya Kabila na ya Tshisekedi, kwa makusudi, kwa kuwa petisyo inayokumbuka makosa ya upande mmoja tu itasomwa kama karatasi ya chama.

Kusanyeni ushahidi kabla ya kuandika: nakala ya ordonansi, nakala ya hukumu, barua ya uhamisho, tangazo la redio lenye tarehe yake. Kitu ambacho mmekisikia tu kwa mtu, hata akiwa mwaminifu, kisiandikwe kama jambo la hakika. Msimtaje hakimu kwa jina kwamba amekula rushwa ikiwa hamna hati mkononi, kwa sababu kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha sheria ya adhabu kinahusu tuhuma zinazomharibia mtu heshima, na ulinzi wa kifungu cha 27 unahusu kupeleka petisyo, haufuniki kila neno lililoandikwa ndani yake. Ikiwa tatizo lenu ni tabia ya hakimu mmoja katika kesi moja, petisyo si njia yake. Malalamiko hayo hupelekwa kwenye Baraza Kuu la Mahakimu ili yachunguzwe kwa nidhamu, au, kwa msaada wa wakili, mbele ya Mahakama ya Kasasyo pale hakimu anapodaiwa kufanya udanganyifu au kukataa kutoa haki.

Hatua ya pili: chagua wa kumwandikia

Makundi mengi huandika «Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri» kabla hata ya kujua wanaomba nini. Rais ndiye anayeteua mahakimu na kuwaondoa kwa ordonansi, lakini kifungu cha 82 kinamtaka afanye hivyo kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Kwa hiyo yako mambo mawili tu, au matatu, ambayo mnaweza kumwomba kwa haki: kwamba asitie sahihi ordonansi ya uteuzi au ya kufukuza bila pendekezo hilo, kwamba aiondoe ile aliyoitia sahihi bila pendekezo, na kwamba awakanye watumishi walio chini yake wasiwapigie mahakimu simu.

Mambo ya uhamisho, ya kupandishwa cheo na ya nidhamu yanahusu Baraza Kuu la Mahakimu lenyewe, ambalo linaongozwa na rais wa Mahakama ya Katiba. Kwa kuwa marais wa kwanza wa Mahakama za Rufaa na waendesha mashitaka wakuu wa mahakama hizo ni wajumbe wa Baraza hilo, nakala moja inaweza kuwekwa hapahapa Lubumbashi, kwenye Mahakama ya Rufaa ya Haut-Katanga, wakati nakala ya asili inapelekwa kwenye sekretarieti ya kudumu Kinshasa. Hukumu ikikataliwa kutekelezwa na ofisi ya hapa, mwandikieni gavana au mkuu wa polisi wa jimbo, yeyote kati yao aliye na amri juu ya waliokataa, na mpeleke nakala kwa rais wa mahakama iliyotoa hukumu hiyo.

Bajeti inahitaji kalenda. Kwa kifungu cha 149, bajeti ya mahakama inatayarishwa na Baraza Kuu la Mahakimu, kisha inapelekwa serikalini ili iingizwe katika bajeti ya nchi. Serikali inapaswa kuweka mswada wa fedha mezani pa Bunge la Taifa kabla au ifikapo tarehe 15 Septemba, siku ambayo kikao cha pili cha mwaka kinafunguliwa, na kikao hicho kinafungwa tarehe 15 Desemba. Petisyo juu ya fedha za mahakama inayofika mwezi Novemba imechelewa. Ipelekeni serikalini mwezi Julai, na katikati ya Septemba mpeleke nyingine kwenye tume ya Bunge inayoshughulikia uchumi, fedha na usimamizi wa bajeti, mkiomba mambo mawili: kiasi kilichopendekezwa na Baraza kisipunguzwe bila sababu kuandikwa, na serikali ieleze ni kiasi gani cha fedha za mwaka uliopita kilichotolewa kweli.

Wako watakaowaambia kwamba mnahitaji sahihi 100,000. Hesabu hiyo ni ya kifungu cha 218, ambacho kinaruhusu watu 100,000 kuomba marekebisho ya Katiba kwa petisyo inayopelekwa kwenye mojawapo ya vyumba viwili vya Bunge. Petisyo ya kifungu cha 27 haina idadi ya chini, na hata mtu mmoja anaweza kuipeleka. Kwa kuwa mjadala wa kugeuza Katiba ulifufuka tangu Oktoba 2024, inafaa kila mtetezi wa mahakama ajue kwamba kifungu cha 220 kinakataza uhuru wa mamlaka ya mahakama usiguswe na marekebisho yoyote. Kifungu hicho hutajwa redioni hasa kwa ajili ya muhula wa rais, na watu husahau kwamba mahakama nayo imo.

Hatua ya tatu: andika ombi moja ambalo halimgusi hakimu

Hapa ndipo nataka msomaji akae zaidi. Anayetetea uhuru wa mahakama anaweza kuuvunja kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Nimeona rasimu za watu wema, waliokuwa na hasira ya haki, zikimwomba waziri «aamuru» mfungwa fulani aachiliwe, au zikimtaka gavana «aingilie» kesi ya shamba. Ombi la namna hiyo linamtaka mwanasiasa afanye jambo lilelile ambalo kifungu cha 151 kinamkataza, na mwanasiasa akilikubali, kesho atampigia hakimu simu kwa ajili ya upande wa pili. Petisyo inamwambia mwenye mamlaka atoe mkono wake. Kesi zikiwa mbele ya hakimu, ziacheni kwa hakimu na kwa mawakili, hata pale ambapo mna hakika kwamba mwenzenu hana kosa.

Basi andikeni ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana. Juu kabisa wekeni mahali na tarehe, cheo cha mnayemwandikia na jambo linalohusika kwa mstari mmoja. Aya ya kwanza inasema ninyi ni nani na mnategemea kifungu gani. Aya ya pili inaeleza yaliyotokea kwa tarehe na hati, bila kusifu wala kutukana. Aya ya tatu inataja kifungu kilichovunjwa. Ya nne ni ombi. Chukueni mfano wa mahakimu waliohamishwa ghafula. Ombi linaweza kusomeka hivi:

«Sisi raia tuliotia sahihi hapa chini, wakaaji wa Lubumbashi, tukitegemea kifungu cha 27 cha Katiba, tunaliomba Baraza Kuu la Mahakimu litangaze kwa maandishi sababu za uhamisho wa mahakimu wa kiti uliofanywa kwa uamuzi namba … wa tarehe …, na lithibitishe kama uhamisho huo ulitokana na uteuzi mpya, na maombi ya wahusika, au na mzunguko wenye sababu, kama kifungu cha 150 kinavyotaka. Ikiwa hakuna mojawapo ya mambo hayo matatu, tunaomba mahakimu hao warudishwe kwenye viti vyao. Hatuombi uamuzi wowote katika kesi yoyote inayoendelea. Tunangoja jibu ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kupokelewa kwa barua hii.»

Sentensi ile ya «hatuombi uamuzi wowote» iwekwe kila mara. Inawalinda ninyi, na inamlinda hakimu mnayemtetea asije akasemwa kwamba ndiye aliyewatuma. Kwa sababu hiyohiyo, msimwombe hakimu atie sahihi, hata akiwa ndugu au jirani. Mahakimu wana sauti yao kupitia chama chao cha wafanyakazi, SYNAMAC. Mawakili ni jambo lingine. Mpelekeeni wakili rasimu kabla ya kuanza kukusanya sahihi, alinganishe kila kifungu mlichokitaja na sheria inayotumika sasa, na mkipata barua ya kuwaunga mkono kutoka kwa chama cha mawakili cha Haut-Katanga, iambatanisheni.

Ofisi zote mtakazoziandikia zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo nakala ya Kifaransa ndiyo itakayopigwa muhuri. Hata hivyo, nakala ya Kiswahili iwepo tangu mwanzo, yenye maneno yaleyale, kwa kuwa mtu hapaswi kutia sahihi kitu asichokielewa.

Hatua ya nne: kusanya sahihi zinazoweza kuaminiwa

Kila karatasi ya sahihi iwe na ombi kamili juu yake, au angalau aya ile ya ombi. Karatasi yenye majina matupu inaweza kubandikwa nyuma ya barua nyingine yoyote, na jambo hilo likitokea, watu wa kartie (mtaa) yenu hawatawaamini tena. Chini ya ombi chora safu nne: namba, jina kamili, komini na kartie, sahihi. Wengi hupenda kuongeza namba ya kadi ya mchaguzi. Mimi nashauri msiiweke katika petisyo ya kawaida, kwa sababu haitakiwi na kifungu cha 27, na karatasi ikiangukia mikono mibaya, mtakuwa mmewapa wengine orodha ya watu pamoja na namba zao. Asiyejua kuandika abonyeze kidole gumba, na shahidi aandike jina lake pembeni. Mtu asitie sahihi kwa niaba ya mume wake au ya watoto wake waliokwenda machimboni.

Mahali pa kukusanyia pana maana yake. Baada ya misa au ibada, kwenye uwanja wa chuo kikuu (UNILU), karibu na soko la Kenya, penye mikutano ya wazazi wa wanafunzi katika Ruashi au Kampemba, watu wana muda wa kusikiliza. Kwenye kituo cha taksi hawana, na sahihi ya haraka ni sahihi ambayo mwenyewe ataikana akiulizwa. Mjulishe mkuu wa kartie mapema, kwa heshima, ili asisikie habari zenu kwa watu wengine. Msigawe fulana, sabuni wala nauli, maana anayewapinga anangoja hilo tu aseme kwamba sahihi zimenunuliwa.

Maelezo yawe mafupi na ya kweli, kwa lugha ya nyumbani. Mtu akimkaribia mama anayeuza unga Katuba, naye akauliza karatasi hii ni ya nini, jibu lililo sawa ni kama hili: «Mama, hii karatasi haiombe feza na haitume mutu ku buloko (gerezani). Inaomba tu juge asitoshewe mu kazi juu alikatala kutii simu ya mukubwa.» Akiuliza kama atapata matatizo, mwambieni ukweli wote: Katiba inakataza ashitakiwe kwa kutia sahihi, lakini jina lake litasomwa na watu wa serikali. Akikataa, mshukuruni na mpite. Sahihi ya mtu aliyefichwa hatari haifai kuhesabiwa.

Jioni, watu wawili wahesabu karatasi pamoja, wazipe namba na kuandika jumla katika daftari. Picha za karatasi zisitumwe katika makundi ya WhatsApp. Sahihi za intaneti zinaweza kuongezwa, lakini zihesabiwe mbali na zile za karatasi, na hesabu zote mbili zitajwe waziwazi katika barua.

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na waasi wa M23 mwezi Januari na Februari 2025, shauri langu ni tofauti kabisa. Orodha ya majina mkononi inaweza kumgharimu mtu maisha yake. Haki ya petisyo inaweza kutumiwa na mtu mmoja, kwa hiyo ndugu mmoja aliye mahali salama anaweza kuiandika na kuitia sahihi peke yake, bila jina la yeyote aliyebaki.

Hatua ya tano: fikisha, upate muhuri

Miezi mitatu inaanza kuhesabika siku barua inapopokelewa, na njia pekee ya kuithibitisha siku hiyo ni nakala yenu yenye muhuri, tarehe, na jina au sahihi ya aliyepokea. Andaeni nakala mbili za asili pamoja na fotokopi za kutosha. Nendeni watu wawili, mmevaa vizuri, asubuhi mapema, siku ambayo si Ijumaa. Karani anaweza kusema «acha hapa, mkubwa ataona.» Mjibuni kwa upole kwamba mnangoja muhuri kwenye nakala yenu, mkae kwenye benchi, msiondoke. Akisema anayeshika muhuri hayupo, ulizeni atarudi saa ngapi na mrudi saa hiyohiyo. Ofisi ikikataa kabisa kupokea, tumieni karani wa mahakama mwenye kazi ya kufikisha hati, ambaye ataandika tarehe, mahali na jinsi alivyopokelewa. Maandishi yake yana nguvu kuliko muhuri.

Kinshasa ni mbali, na si kila kundi linaweza kulipa tiketi ya ndege. Ofisi nyingi za mawakili hapa Lubumbashi zina wenzao kule wanaoweza kuweka barua na kurudisha picha ya nakala iliyopigwa muhuri siku hiyohiyo. Mbunge aliyechaguliwa hapa anaweza pia kuibeba, lakini mpeni nakala tu, na mchague wabunge wa vyama tofauti, ili petisyo isigeuke kuwa mali ya mmoja wao.

Karatasi za asili za sahihi zibaki kwenu au kwa wakili. Pelekeni fotokopi, na mwandike katika barua kwamba za asili zinaweza kuonyeshwa kwa hakimu au kwa tume ya Bunge ikihitajika.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya kungoja si miezi ya kulala

Andikeni tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na katikati ya muda huo mpeleke barua fupi ya kukumbusha, nayo ipigwe muhuri. Mnaweza kusoma petisyo redioni na kuieleza makanisani. Katika kuandika kwenye mitandao, kaeni ndani ya maneno ya petisyo yenyewe, maana tangu Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali inayoadhibu uenezaji wa habari za uongo, na neno la chumvi lililoandikwa na kijana mmoja wa kundi lenu linaweza kuwafunga wote midomo.

Mkitaka kuandamana, kifungu cha 26 kinataka mamlaka ya utawala ijulishwe kwa maandishi. Kujulisha si kuomba ruhusa, lakini barua ya kujulisha nayo inahitaji muhuri. Msiandamane kamwe mbele ya jengo la mahakama siku ambayo kesi inasikilizwa. Umati unaoimba dirishani kwa hakimu unamshinikiza sawasawa na simu ya mkubwa, na hakimu mwoga atawaogopa ninyi leo, kesho amwogope mwingine. Andamaneni kwenda kwenye ofisi ya yule mliyemwandikia.

Hatua ya saba: jibu likija, na lisipokuja

Muda ukipita bila jibu, msianze upya. Andikeni barua inayotaja tarehe ya muhuri na kifungu cha 27, mkiwaarifu kwamba muda umekwisha, na wakati huohuo mwombe mbunge au seneta aiulize serikali swali la maandishi, jambo ambalo kifungu cha 138 kinamruhusu. Pelekeni faili zima pia kwenye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Nje ya nchi, ripota maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya uhuru wa mahakimu na mawakili, ambaye wadhifa wake uliundwa mwaka 1994, hupokea habari moja kwa moja kutoka kwa raia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inaweza kuchunguza uvunjaji wa kifungu cha 7 na cha 26 cha Mkataba wa Afrika, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1987, lakini kifungu cha 56 kinataka kwanza njia za ndani ya nchi ziwe zimekwisha au zimechelewa kupita kiasi. Ndiyo sababu kila muhuri ulihitaji kutunzwa.

Jibu likija, lisomeni pamoja na ombi lenu, mstari kwa mstari. Jibu linaloahidi kwamba «jambo linafuatiliwa» si jibu, kwa hiyo liandikieni swali moja tu: nani analifuatilia, na mpaka lini? Jibu linalokubali sehemu ya ombi litangazwe mara moja kwa wote waliotia sahihi, pamoja na sehemu iliyobaki. Na jibu linalosema «hili si la uwezo wa ofisi yangu» mara nyingi lina manufaa kuliko yote, kwa kuwa mkubwa amekiri kwa maandishi ni nani mwenye uwezo. Liambatanisheni na petisyo ileile, mbadilishe jina la anayeandikiwa, na mwende kwenye ofisi aliyoitaja mkaombe muhuri mwingine.